Siku Tuliyoifunga Trakta Mikinduri

Wambeti alipanda juu ya trela kabla ya trakta. Alipita kwenye vipandio vya chuma akiwa na rundo la kamba ya katani begani, akafika katikati ya jukwaa, akageuka kututazama. Alikuwa amevaa sweta ya kijani ya kikundi chao cha wanawake na viatu vya mpira vilivyokatwa visigino. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha trakta, injini ikitetemeka chini yangu, magurudumu ya mbele yakigusa vipandio. Nilizima injini.

"Mama, shuka," alisema Khalif, mwenye trela. "Hapo panapanda chuma, si mbuzi."

"Nitashuka nikijua hii kamba itakaa wapi."

"Kamba ya nini? Mimi niko na cheni."

"Cheni ni ya mbwa na ya mfungwa. Trakta yetu haijaiba kitu."

Watu walicheka. Ilikuwa asubuhi ya siku ya soko, na Mikinduri ilikuwa imejaa. Wanaume waliokuwa wakifunga miraa kwa majani ya migomba waliacha kazi yao wakasogea. Mmoja aliuliza kwa sauti kama tulikuwa tunasafirisha trakta au tunaoza binti. Kithinji, aliyetuuzia trakta hiyo, alijiinamia akajifanya anakagua tairi ambalo alikuwa amelikagua tayari.

Nilishuka. Nilijua kamba ile ilitoka wapi, na nilijua pia kwamba haingeweza kuishika trakta hata kwa safari ya kutoka pale hadi barabara ya lami.

Kwetu ni chini, upande wa Kiritiri, ambako Embu inaacha kuwa ya kijani. Huko mwanamke hubeba kuni mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso, na kila mwanamke hufunga mzigo wake mwenyewe. Hata mgonjwa, hata mjamzito, atapiga magoti afunge wake. Jirani anaweza kukusaidia kuuinua. Hakusaidii kuufunga. Mzigo ukianguka njiani, ni lazima ijulikane ni mkono wa nani ulioufunga, ili pasiwe na maneno baadaye. Nililelewa katika utaratibu huo, na sijawahi kusikia mtu akiueleza. Ulikuwepo tu, kama njia ya kwenda mtoni.

Trakta ilikuwa mzigo wa wanawake wote wa kikundi. Wote hawangeweza kwenda Mikinduri. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa amesokota kipande cha kamba kwa katani ya ua wake, na vipande vikaunganishwa, na mwenyekiti wao, Wambeti, akaja navyo. Niliijua hata sehemu ya mama yangu. Yeye husokota kwa kulia, wengine husokota kwa kushoto, na nyuzi zake hung'aa upande mmoja.

Lazima niseme pia kwa nini trakta yenyewe ilikuwa jambo kubwa.

Ukoo wa Mzee Njiru ulikuwa na ardhi iliyokaa miaka mingi bila kulimwa, tambarare yenye migaa, miti yetu ya miiba, na vichuguu, malisho ya mbuzi. Wanawake waliiomba. Wazee walibishana kiangazi kizima, kisha wakatoa jibu kupitia kwa Njiru: chukueni, ni yenu kulima, lakini mvua ya kwanza ya Oktoba ikiikuta haijapasuliwa, mbuzi watarudi na neno hili halitasemwa tena. Wanawake walikata migaa na kung'oa visiki kwa mikono yao. Kisha wakagonga udongo kwa majembe, na udongo ukayarudisha majembe. Ulikuwa umekauka kama tofali. Ng'ombe wa kukokota plau walikuwa wamekonda mno baada ya ukame, wengine hawakuweza hata kusimama vizuri. Kilichobaki ni trakta, na trakta ya bei ambayo wangeiweza ilipatikana Meru, upande wa pili wa Mlima Kenya.

Waliniita mimi kwa sababu nilisomea mitambo ya kilimo chuoni, na kwa sababu nilikuwa nikiishi Nchiru, karibu na huko. Niliikagua. Ilikuwa nzee lakini nzima. Nikamtafuta Khalif kule Maua, nikaambiwa trela yake ndiyo pana kuliko zote na kwamba yeye mwenyewe ana mdomo. Yote mawili yalikuwa kweli.

Asubuhi ile, mawingu yalikuwa yamekwisha kujipanga juu ya milima ya Nyambene.

"Sikiza, mama," Khalif alimwambia Wambeti. Alikuwa amevua kofia, na alikuwa akiikunja na kuikunjua. "Mimi nimebeba kila kitu. Ngamia nimebeba. Tangi la maji nimebeba. Nikifunga kwa kamba ya nyasi, polisi wa kwanza atanicheka, wa pili atanishika. Na trakta ikianguka, jina langu ndilo limeandikwa kwenye mlango wa gari. Ukiweka hiyo kamba, mimi sibebi. Wallahi, naenda Isiolo, kuna mzigo wa simiti unaningoja huko tangu jana."

"Enda Isiolo."

"Naenda!"

"Enda. Lakini wale wanawake wakiuliza ni nani alifunga trakta, na mimi niwaambie ni mwanamume wa Maua ambaye hatujui mama yake, nitakaa kwa kiti gani?"

Khalif alinigeukia. "Injinia, ongea na mtu wako."

Hakuna aliyekuwa anatania. Khalif angeondoka kweli. Alikuwa amekwisha kukunja kipandio kimoja. Wambeti asingeshuka, alikuwa ameketi juu ya rundo la kamba, mgongo wima, kama mtu anayengoja daktari. Trela nyingine ya aina ile tungeipata baada ya siku kadhaa. Mawingu hayakuwa na siku kadhaa. Niliwaza ardhi ile iliyosafishwa, visiki vyake vimerundikwa pembeni, na mbuzi wakirudi juu yake polepole, mmoja baada ya mwingine, bila kufukuzwa na mtu.

Nilipanda kwenye trela nikachuchumaa mbele ya Wambeti. Nilizungumza naye kwa Kimbeere, lugha ya kwetu.

"Mama Mwenyekiti, ukifunga kuni, unakaza kamba upande mmoja?"

"Mimi si mtoto, Winfred."

"Unakaza vipi?"

"Huku na huku. Zivutane. Upande mmoja ukivuta peke yake, mzigo unazunguka."

"Trakta ni hivyo hivyo. Pembe nne, kila moja ikivuta upande wake. Lakini inatembea juu ya matairi yenye upepo. Inaruka. Katani ikivutwa hurefuka, na ikirefuka hairudi. Wewe unalijua hilo kuliko mimi."

Alikuwa akiipapasa kamba kwa kidole gumba.

"Khalif hatafunga," nilisema. "Utafunga wewe. Kwa cheni. Nitakuonyesha mahali pa kushika, na mkono utakuwa wako."

"Na hii?"

Niliitazama kamba. Ilikuwa kazi nzuri, imebanwa sawasawa, nyepesi, na isingefaa kushikilia kitu chochote kizito. Jibu likaja kutoka kwenye ule udhaifu wake. Kamba inayorefuka ikivutwa ni kamba inayoonyesha kwamba imevutwa. Cheni nene hujificha. Huweza kulegea kidogo na macho yasione, kwa kuwa uzito wake wenyewe huivuta chini hata ikiwa imekazwa. Kamba nyepesi iliyokazwa kati ya trakta na jukwaa ingelala au kukatika mara tu trakta ikisogea.

"Hii haitashika," nilisema. "Itasema. Trakta ikisogea, itakuwa ya kwanza kutuambia."

Wambeti alisimama, akapangusa sketi, akateremka kwenye kile kipandio kilichobaki. Alipompita Khalif alimwambia kwa Kiswahili, "Rudisha hiyo ingine. Unangoja nini?"

Sasa mimi ni mwalimu, na kila muhula nafika mahali ambapo nafundisha kazi hii. Naifundisha kwa mpangilio, kwa sababu mpangilio ndio unaookoa maisha. Lakini sijawahi kumwona mwanafunzi akiielewa haraka kama alivyoielewa mwanamke yule ambaye hakuwahi kugusa mtambo.

Niliipandisha trakta polepole, mbele kwanza, Khalif akirudi nyumanyuma na kuniongoza kwa viganja. Tuliisogeza hadi uzito ukae mbele kidogo ya ekseli za trela, kwa maana uzito ukibaki nyuma sana, trela huanza kutikisa mkia ikiteremka, na dereva hana la kufanya ila kuomba. Niliteremsha plau iliyokuwa nyuma ya trakta ikalala juu ya mbao za jukwaa. Nikavuta breki ya mkono, nikaiacha katika gia, nikazima, nikachomoa waya wa betri. Tukagonga kabari za mti mbele na nyuma ya kila tairi. Wambeti alikuwa akifuata kila hatua akinong'ona, kama anayesoma maandishi ya ukutani.

Kisha cheni. Nilimwonyesha pa kuikamatisha kwenye mwili wa trakta, chini, kwenye chuma kigumu kisichopinda, si kwenye usukani wala kwenye bamba la kufunika gurudumu. Kila cheni ilikuwa na kikazio chake, chuma chenye mpini mrefu. Ukiuvuta mpini hadi upite katikati, cheni huumana na mpini hujifunga. Wambeti alishika mpini wa kwanza kwa mikono miwili, akaweka mguu kwenye ukingo wa trela, akavuta. Haukusogea.

"Msaidieni mama," mtu alisema kule chini.

"Nani ameomba?"

Akavuta tena kwa uzito wa mwili wote. Mpini ulipita katikati ukajifunga kwa kishindo. Cheni ilitoa sauti moja, kavu, kama mlango wa chuma. Wale wafunga miraa walipiga makofi. Wambeti aliugusa mpini kuhakikisha, kisha akaenda kwenye pembe ya pili bila kuwatazama.

Alifunga pembe tatu. Ya nne, ya nyuma kulia, ilikuwa imetokeza barabarani, ambako pikipiki zilikuwa zikipita karibu mno, na Khalif akamkataza kusimama pale. Aliifunga yeye, haraka, huku akizungumza kwa simu na watu wa Isiolo. Mwisho Wambeti alichukua kamba yake. Aliifunga kutoka kila pembe ya trakta hadi kwenye jukwaa, mistari minne myembamba sambamba na cheni, akiikaza na kuipigapiga kwa kidole hadi ilie. Ilifanana na nyuzi za ala ya muziki iliyofungwa kwenye mnyama wa chuma. Khalif aliitazama akatikisa kichwa.

"Imependeza," alisema. "Tutaimba?"

Tuliondoka watatu katika kichwa cha gari. Wambeti aliketi katikati. Tuliposhuka kutoka Mikinduri, nilimwomba Khalif asimame kabla hatujafika mbali, kwa sababu matairi ya trakta hushuka kidogo na kulegeza cheni baada ya mitikisiko ya kwanza. Alisimama akinung'unika. Kila kitu kilikuwa sawa. Nilipomwomba asimame tena baada ya mji wa Meru, alikataa.

"Injinia, tukisimama kila kona, tutafika Krismasi."

"Basi utasimama lini?"

"Nitasimama nikiswali. Hiyo siwezi kuruka, na wewe unaweza kukagua mpaka uchoke."

Nilikubali. Haukuwa mpango ulioandikwa katika kitabu chochote nilichosoma, lakini ulikuwa mpango, na mtu aliyeutoa angeufuata bila kusukumwa.

Barabara ile kutoka Meru kwenda Embu inazunguka mlima, na kila mto unaotoka mlimani umechimba bonde lake. Unateremka, unavuka, unapanda. Chai, migomba, makadamia, kisha bonde tena. Khalif aliendesha vizuri, kwa gia nzito, bila kuitegemea breki. Kisha Wambeti alisema, akitazama mashamba ya kijani kibichi pande zote, "Hawa watu hata wakitema mate, kitu kinaota."

Khalif alicheka hadi akakohoa. Kuanzia hapo walizungumza. Alimweleza habari za mama yake, jina lake Dhahabo, aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia na kuwagombeza wateja. Wambeti alimwuliza maswali mengi. Nadhani alikuwa akihakikisha kwamba sasa anamjua.

Chuka tulisimama adhuhuri. Khalif alitawadha kwa maji ya dumu, akaelekea msikitini. Mimi nilianza kukagua upande wa kushoto na Wambeti upande wa kulia. Niligonga cheni ya kwanza kwa kiganja, ilikuwa ngumu. Ya pili ilikuwa ngumu. Nilikuwa nimeinama kutazama kabari niliposikia sauti yake.

"Winfred. Njoo."

Hakupaza sauti. Alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyuma, kidole chake juu ya kamba. Aliipiga. Haikulia. Ilikuwa imelala juu ya jukwaa.

Niliishika cheni iliyokuwa kando yake. Kwa macho ilikuwa imenyooka. Nilipoivuta, ilikuja. Niliifuata kwa vidole pete kwa pete hadi nikaipata ile iliyojisokota wakati wa kufungwa, ikakaa kiubavu dhidi ya mwenzake. Mitikisiko ilikuwa imeinyoosha, na ilipoinyoosha iliacha nafasi ya upana wa vidole viwili. Trakta ilikuwa imesogea upande mmoja. Kidogo tu. Lakini bonde la Thuci lilikuwa bado mbele yetu, na mteremko wake una kona ambazo hazimsamehe mtu.

Khalif alirudi akiwa anapangusa uso. Alitutazama sisi, akaitazama kamba, akaitazama cheni. 

"Hii pembe ni ya nani?" Wambeti aliuliza, ingawa alijua.

"Yangu."

"Haya. Sasa imejulikana."

Alilisema bila ukali. Kwetu lilikuwa jambo la utaratibu tu: mkono ulijulikana, kwa hiyo hakukuwa na maneno ya kuongeza. Khalif aliufungua mpini, akainyoosha cheni yote kwa mikono miwili, akailaza sawasawa. Tulitumia kikazio kuirudisha trakta mahali pake na kugonga kabari upya. Alipokuwa tayari kukaza, alisita. Akasogea pembeni.

"Mama, vuta wewe."

"Barabara hakuna pikipiki?"

"Nitasimama mimi upande wa pikipiki."

Alisimama hapo, mgongo wake ukielekea magari, na Wambeti akavuta.

Tuliteremka Thuci kwa mwendo wa mtu anayetembea. Lori lililokuwa nyuma yetu lilipiga honi, kisha likachoka. Katika kila kona niliitazama trakta kwenye kioo cha pembeni. Ilikuwa ikiinama pamoja na trela na kusimama pamoja na trela, kitu kimoja, kama mtoto aliyefungwa vizuri mgongoni mwa mama yake. Alasiri tulisimama tena, karibu na Runyenjes, na Khalif mwenyewe alizipiga kamba zote nne kwa kidole kabla ya kutandaza mkeka wake. Zote zililia. Usiku tulilala Embu, Wambeti na mimi kwa binti yake anayeishi mtaa wa Dallas, mjini hapo, na alfajiri tukashuka kuelekea joto.

Sitaeleza mapokezi. Kulikuwa na vigelegele, na Khalif alilishwa hadi akaomba msamaha. Mama yangu alifungua fundo lake kwenye kamba bila kumwambia mtu ni lipi. Ninachokikumbuka zaidi ni siku zilizofuata, tulipokuwa tukilima tangu kuche hadi jua kuzama, mimi na wanawake vijana wawili niliokuwa nikiwafundisha usukani. Vumbi lilisimama juu yetu kama moshi wa nyumba inayoungua. Plau iligonga, ikaruka, ikagonga tena, kisha udongo ukakubali. Ulikuja juu kwa mabonge makubwa mekundu, na chini yake kulikuwa na rangi nyingine, nyeusi zaidi, ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Wanawake walikuja kuishika. Mmoja aliinusa.

Mawingu yalifika kutoka upande wa mlima tulipokuwa tumebakiza kona moja. Yalikaa juu yetu mchana kutwa. Kona ile ilipokwisha nilizima injini, na kimya kilikuwa kikubwa kiasi kwamba nilisikia watu wakipumua.

Mzee Njiru alikuja kesho yake asubuhi, mvua ikiwa bado haijaanguka. Alikuja na mbuzi wake, kwa njia ileile waliyoizoea, na alipofika ukingoni alisimama. Aliitazama ardhi iliyopasuliwa hadi mwisho wake. Aliinama, akavua viatu, akavishika mkononi, akainua mguu ili akatize katikati, kama alivyokuwa akikatiza maisha yake yote.

Wambeti alikuwa katikati ya shamba, akiwa na mfuko wa mbegu za ndengu. Hakuinua kichwa sana.

"Baba Muchangi," alimwambia mzee. "Pita pembeni."

Mzee alibaki na mguu hewani. Kisha aliurudisha chini, akawageuza mbuzi kwa fimbo, akaanza kulizunguka shamba, viatu vyake mkononi.